Shajara ya Panya, Hundi ya Paka

Mtu akiuza kanga kuukuu kwa bei ya mpya, waungwana humwita mlaghai, hata kama kanga yenyewe ni nzuri na haina tundu. Malenga akiurudia ubeti wake wa jana mbele ya hadhira ya leo, hakuna amwitaye mwizi. Pengine watu humtaka aurudie tena. Baina ya muuza kanga na malenga pana suala la maadili lisilokuwa jepesi kama linavyoonekana: ni lini kukirejea cha kale huwa haki, na ni lini huwa khiyana? Suala hili lina shahidi mmoja ambaye si wengi wangefikiria kumwita, naye ni filamu fupi ya katuni ya Marekani, ile ya dakika saba hivi iliyokuwa ikioneshwa katika majumba ya senema kabla ya filamu kubwa ya usiku ule.

Kwanza ieleweke kazi yenyewe. Filamu hupita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kwa kila sekunde, na kwa hesabu hiyo filamu ya dakika saba ina picha zaidi ya 10,000. Katika zama za kalamu na brashi, mchoraji alichora mwendo kwenye karatasi. Mwengine akaunakili kwa wino juu ya karatasi ngumu inayopitisha nuru. Mwengine akaipaka rangi kwa upande wa nyuma. Kisha ikalazwa juu ya mandhari iliyokwisha chorwa na kupigwa picha, moja baada ya moja. Wapiga wino na wapaka rangi hao aghalabu walikuwa wanawake, na majina yao hayakuandikwa mwanzoni mwa filamu. Hata pale mchoro mmoja ulipotumika kwa nafasi mbili ili kupunguza kazi, dakika saba za kicheko zilikuwa ni miezi ya migongo iliyoinama.

Haishangazi basi kwamba studio zilitafuta njia ya mkato. Njia yenyewe ilikuwa ni kuchukua vipande vya filamu za nyuma, kutunga kisa kifupi cha kuviunganisha, na kuutoa mkusanyo huo kwa jina jipya. Mwaka 1935 baharia Popeye alichupa kutoka katika kitabu ili kumfunza ujasiri mtoto aliyeonewa, na mafunzo yake yalikuwa ni vipande vya mapigano yake yaliyotangulia. Mwaka 1944 sungura Bugs Bunny, akiwania tunzo ya Oscar, aliwaonesha wasikilizaji wake kipande cha filamu yake ya 1941 kuwa ndio ushahidi wa ustadi wake. Mwaka 1951 sungura huyo huyo aliketi na mpwa wake na kumhadithia ya kale, na kila alichokihadithia kilikuwa kimekwisha oneshwa. Watu wa kazi hiyo hawakujificha: kwa lugha yao waliziita filamu za namna hii kwa neno lenye maana ya walaghai. Fundi anapoipa kazi yake jina kama hilo, dhamira yake imekwisha kutoa ushahidi.

Mashtaka ni mepesi kuyaeleza. Mtazamaji amelipa kiingilio, naye anatarajia kipya. Kadi ya mwanzo imetaja jina jipya, kana kwamba kilicho nyuma yake ni kipya chote. Ajabu ya kosa hili ni kwamba ndani yake hamna picha iliyoghushiwa. Paka aliyeanguka mwaka 1943 anaanguka vile vile mwaka 1949, kwa wino ule ule na rangi ile ile. Kila kinachooneshwa ni cha kweli; kisichokuwa cha kweli ni tarehe yake tu. Hapo ndipo inapobainika kwamba mtu aweza kudanganya kwa kweli tupu, maadam ameiweka mahali pasipokuwa pake.

Utetezi nao una nguvu zake. Siku hizo filamu ilikuja mjini na kuondoka. Mtu hakuwa na kanda wala sahani ya kuitazama tena nyumbani. "The Yankee Doodle Mouse", ambamo paka Tom na panya Jerry walipigana vita vya mayai na fataki, ilitoka mwaka 1943 na kupata Oscar. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na umri wa miaka sita kipande chake kiliporejeshwa ndani ya filamu nyengine. Kwake yeye hakikuwa kikuukuu hata kidogo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga, na upya umo katika jicho la atazamaye. Lakini utetezi huu una ufa. Ikiwa uhalali wa jambo unategemea kwamba mwenye haki ni mtoto au ni msahaulifu, basi siku atakapokumbuka uhalali wenyewe umeondoka. Haki isiyosimama ila kwa msahaulifu si haki ya kutegemewa.

Ili kulipatia suala hili jibu lililo bora kuliko hilo, inafaa kuzitazama kwa makini filamu mbili za William Hanna na Joseph Barbera, waliomtunga Tom na Jerry katika studio ya MGM kuanzia mwaka 1940. Zote mbili zimejengwa kwa vipande vya kale, na zote mbili, pengine bila ya kukusudia, zinalijadili kosa lao wenyewe.

Ya kwanza ni "Jerry's Diary", yaani shajara ya Jerry, ya mwaka 1949. Tom anasikiliza redio. Wiki ile ni ya kuwafanyia wema wanyama, na mtangazaji anawahimiza watoto wawe wapole kwa viumbe. Moyo wa paka unalainika. Anachukua zawadi na kwenda kwenye tundu la hasimu wake ili amalize ugomvi wa miaka. Jerry hayupo nyumbani, na shajara yake ipo. Tom anaifungua. Kila ukurasa anaousoma unakuwa ni kipande cha filamu ya zamani: hapa aliungua, pale alianguka, hapa alipigwa, pale alifanywa kichekesho. Kadiri anavyosoma ndivyo uso wake unavyobadilika. Panya anaporejea, asijue kilichosomwa, anakutana na pai lililobamizwa usoni pake.

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo: huo ndio mshauri aliyempeleka Tom mlangoni. Kilichomrudisha nyuma ni maandishi. Vipande vile vile vilivyomchekesha mtazamaji vilipooneshwa mara ya kwanza, sasa vinasomwa na yule aliyeumia ndani yake. Mtazamaji bado anacheka, lakini kicheko kina mtu wa kukiona, naye ni Tom, ameketi na kitabu mkononi, akijiona jinsi alivyoonekana. Picha haikubadilika hata nukta moja. Aliyebadilika ni msomaji wake. Kwa hiyo si kweli kwamba filamu hii haikuongeza kitu. Imeongeza jambo zito: imemwita mwenye jeraha aje aangalie jeraha lake likifanywa burudani.

Na liko jambo jengine ndani ya shajara hiyo. Anayeandika ni Jerry, lakini picha hazioneshi alivyoona Jerry. Zinamwonesha Jerry mwenyewe kwa nje, pamoja na mambo aliyoyafanya Tom wakati Jerry hayupo. Ni kumbukumbu ya mtu mmoja iliyokopa macho ya mtu wa tatu. Mwenye kuchambua ataliita kosa la utunzi, naye atakuwa na haki. Hata hivyo, binadamu hukumbuka hivyo hivyo. Mtu akisimulia ugomvi wake wa mwaka juzi, hujiona amesimama uani kama anayejitazama kutoka dirishani, na humjaza hasimu wake maneno na nia ambazo hakuwapo kuzishuhudia. Kila kumbukumbu ina kiraka, na mwenye nguo ndiye wa mwisho kukiona.

Filamu ya pili ni "Life with Tom", yaani maisha pamoja na Tom, ya mwaka 1953. Mara hii Jerry hakuandika shajara ya siri bali kitabu cha kuuza, na kitabu kimependwa. Kila Tom anakopita anamkuta mtu amekishika na kucheka, na kinachochekwa ni yeye. Naye anakitafuta, anakisoma, na vipande vya kale vinarejea kama kawaida. Hasira inampanda kama ilivyompanda miaka minne nyuma. Lakini kabla hajalipiza anaoneshwa barua, na ndani ya barua imo hundi: nusu ya mapato ya kitabu ni yake. Paka anaketi, anakifungua kitabu upya, na safari hii anacheka.

Ni rahisi kusema kwamba Tom amenunuliwa, na kwamba mzaha huu ni wa watu wa biashara. Lakini zikiwekwa filamu hizi mbili pamoja, mizani inaonekana wazi. Visa ni vya jinsi moja. Maumivu ni yale yale. Msomaji ni yule yule. Katika ya kwanza aliyeumia hakupata ila kusoma, na amani ikavunjika. Katika ya pili ametambuliwa kuwa ni mwenye sehemu katika kile kilichotungwa kwa mwili wake, na amani ikapatikana. Kinachotenganisha si upya wa kisa, wala si ufundi. Ni swali la fungu: ya kale yanaporejeshwa na kuleta faida, waliomo ndani yake wanapata nini?

Washairi wa pwani hawahitaji kufundishwa na panya kuhusu urejeaji. Kipokeo hurudi mwisho wa kila ubeti, na hakuna anayelalamika kwamba ameuziwa mshororo mmoja mara ishirini. Watunzi wa tenzi, mmoja baada ya mwengine, waliomba karatasi na wino katika beti zao za mwanzo, na msikilizaji aliyekwisha kuisikia dua hiyo mara mia aliifurahia kwa kuwa aliitambua. Na bora ya yote ni takhmisi. Mtungaji huchukua shairi la aliyemtangulia, na kwa kila mishororo miwili ya kale hutunga mitatu mipya. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa "Al-Inkishafi", alipoyatia takhmisi maneno yaliyonasibishwa na Fumo Liyongo. Mipya hutangulia, ya kale hufuatia. Na vina vya mipya hulazimika kufuata kina alichokiacha wa kale.

Tazama sharti zilizomo ndani ya kanuni hiyo. La kwanza ni uwazi: jina la takhmisi lenyewe linatangaza kwamba sehemu ya maneno si ya mtungaji. La pili ni gharama: mwenye kutia takhmisi hutoa mitatu ili apate miwili, hivyo anachotoa mfukoni mwake ni kingi kuliko anachokopa. La tatu ni adabu: aliye hai ndiye anayejipinda ili alingane na aliyekufa, si kinyume chake. Ikipimwa kwa sharti hizo, filamu ya vipande inajikwaa mara tatu. Haikutangaza, kisa chake kipya kilikuwa kifupi makusudi, kwani ufupi ndio uliokuwa faida, na cha kale kilikatwa popote ili kiingie katika nafasi iliyokuwapo. Katika "Jerry's Diary" kuna kitu kimoja tu kinachofanana na mishororo mitatu ya takhmisi, nacho ni uso wa Tom unaobadilika. Kidogo hicho ndicho kinachoinusuru.

Mfano wa upande mwengine ni wa Popeye, nao una njia ya kuwarejesha wasomaji wa pwani kwenye bahari yao. Mwaka 1936 na 1937 studio ya ndugu Max na Dave Fleischer ilitoa filamu mbili za rangi, ndefu kuliko kawaida, ambamo Popeye alipambana na Sindbad Baharia na kisha na wezi arubaini wa Ali Baba. Zilikuwa ni fahari ya studio ile. Mnamo mwaka 1942 ndugu hao walikuwa wamekwisha kuondolewa, na kampuni ya Paramount ikaiendesha studio kwa jina jengine. Mwaka 1944 ikatoka "Spinach Packin' Popeye": baharia amekuwa dhaifu, mchumba wake Olive Oyl hamtaki tena, naye anajitetea kwa kumkumbusha alivyowashinda Sindbad na wale wezi. Vipande vya filamu zile mbili vinarejeshwa kuwa ndio ushahidi. Kwa hiyo ushindi unaotajwa na Popeye wa mwaka 1944 ni jasho la studio ambayo waasisi wake hawakuwamo tena. Katika kisa, mtu dhaifu anajikinga kwa nguvu za ujana wake. Nje ya kisa, ni vivyo hivyo.

Lakini Sindbad halisi, yule wa Alfu Lela Ulela, alikuwa na desturi nyengine ya kuhadithia ya kale. Mpagazi maskini alitua mzigo wake mbele ya mlango wa tajiri mjini Baghdad, akalalamika kwamba wengine huchoka na wengine hustarehe. Tajiri, ambaye ni Sindbad, alimsikia na kumwita ndani. Kwa siku saba alimsimulia safari zake saba, zote zilizokwisha pita, ili ajue mali ile ilipatikana kwa taabu gani. Na kila baada ya hadithi alimpa mpagazi mithkali mia za dhahabu. Jambo hili hupitwa na wasomaji wengi kwa kuwa lipo pembeni mwa majitu na nyangumi. Hapa msimuliaji ndiye anayelipa. Anajua kwamba mali yake ni ya jana na taabu ya mpagazi ni ya leo, na kwamba hadithi ya jana, hata iwe ya kweli namna gani, haiwezi kuwa jibu kwa mzigo ulioko mlangoni isipokuwa iandamane na fungu.

Ukiondolewa moyo huo, kinachobaki ni hesabu, na hesabu ya studio ya MGM ilifika mwisho wake mwaka 1957. Gharama za kutengeneza filamu fupi zilikuwa zimepanda kwa miaka mingi. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1948 ilizizuia kampuni kubwa kuyauzia majumba ya senema filamu zao kwa mafungu ya lazima, na filamu fupi zilikuwa zikinufaika na mafungu hayo. Televisheni nayo ilikuwa imeingia majumbani. Wakuu wa kampuni wakatazama vitabu vyao na kuona kwamba katuni za zamani, zikioneshwa tena kama zilivyo, ziliingiza fedha karibu sawa na katuni mpya. Uamuzi ukawa mwepesi: studio ya katuni ikafungwa, na wachoraji wakaondoka. Hanna na Barbera, waliompa Tom kila pigo na Jerry kila hila, nao wakawa nje.

Hapa ndipo suala linapopata uzito wake wote. Kwa miaka kadhaa mafundi walikuwa wamekata vipande vya kazi zao wenyewe ili kupunguza gharama na kuokoa muda. Si haki kusema kwamba vipande hivyo ndivyo vilivyoifunga studio. Lakini fikra iliyokuwamo ndani yake ilikuwa ni ile ile: kwamba cha jana kinatosha badala ya cha leo. Fundi alipoikubali kwa dakika mbili au tatu, mwenye mali aliikubali kwa mwaka mzima. Mkono uliochora ukashindwa na mchoro wake, na mchoro haukudai mshahara.

Yaliyofuata hayana mshindi. Hanna na Barbera walikwenda kutengeneza katuni za televisheni kwa fedha kidogo, na ili ziwezekane, urejeaji ukageuka kuwa kanuni: mwendo ule ule wa miguu, mandhari ile ile inayopita nyuma ya mkimbiaji. Mwaka 1966, wao wakiwa mbali, MGM ilitoa filamu nyengine ya vipande, "Matinee Mouse", ambamo Tom na Jerry wanafunga mapatano, wanakwenda senema, na kukaa kujitazama wenyewe katika picha za zamani.

Lipo somo hapa kwa wanaopenda ushairi, nalo si la kuwachukia wa kale. Taifa lisilorudia mashairi yake litayapoteza, na anayesoma diwani ya marehemu kwa sauti katika baraza ya leo anafanya ibada ya shukrani. Lakini shukrani ina alama zake. Anayeshukuru humtaja aliyemkopa. Huongeza cha kwake, hata kiwe kidogo. Huuliza kama warithi wa maneno wamepata chochote pale maneno yanapouzwa. Na juu ya hayo, haufanyi utukufu wa wafu kuwa ni sababu ya kuwanyima walio hai ukurasa. Mtu aweza kumsifu Fumo Liyongo kwa ulimi na papo hapo kumwua malenga wa leo kwa kumwambia kwamba yote yamekwisha semwa, na kwamba chapa ya zamani inauzika vya kutosha.

Jerry aliandika mara mbili. Mara ya kwanza aliandika na kuficha, na alipogunduliwa alipigwa. Mara ya pili aliandika na kugawa, na aliyeumizwa na maandishi akaketi pamoja na wasomaji. Baina ya shajara ile na hundi ile ndimo ulimo uadilifu wa kila anayeishi kwa ya kale, awe mchoraji, mhariri au mshairi. Mpagazi bado ameketi mlangoni na mzigo wake. Ana haki ya kuisikia hadithi ya safari saba, na ana haki ya kuuliza, itakapokwisha, kuna nini kwa ajili yake.